Rangi ya Kucha Kwenye Skrubu

Mgeni aliingia kabla duka halijafunguliwa sawasawa. Bisibisi alikuwa amepandisha shata la mlango nusu tu, ameinama anafagia vumbi la jana, akaona kwanza viatu. Vilikuwa vyeusi, vimeng'arishwa vizuri, ila soli zake zimelika upande mmoja, viatu vya mtu anayeshinda kutwa akibisha milango ya watu. Kisha mwenye viatu akapinda mgongo, akapita chini ya shata na kusimama katikati ya duka, begi amelikumbatia kifuani kama amebeba mtoto aliyelala.

Akasalimia kwa adabu. Akauliza kama hapo ndipo kwa fundi wa kompyuta anayeitwa Bisibisi. Bisibisi akamjibu kwamba ndipo, na fundi mwenyewe ndiye huyo mwanamke aliyeshika ufagio. Mgeni hakushangaa kama wengi wanavyoshangaa. Alitazama rafu. Akatazama meza ya kazi yenye makovu ya chuma cha kulehemu, na feni na nyaya na makava ya kompyuta yaliyopangwa kwa ukubwa wake, na macho yake yakatulia pale kidogo, kama ya mtu anayepita mbele ya nyumba aliyokulia. Halafu akafungua begi, akatoa kitu cheupe, chembamba, kipana kuliko sahani kidogo tu, akakiweka mezani.

Kikawaka bila kelele. Hakikuwa na feni, wala diski, wala kitu chochote cha kuzunguka ndani.

"Hii nayo ni kompyuta?" Bisibisi aliuliza.

"Hapana," mgeni akasema. "Hiki ndicho kinachokuja baada yake."

Mtaani kilikuja kuitwa kibao, lakini siku hiyo hakikuwa na jina bado. Mgeni alieleza, naye akasikiliza akiwa ameegemea ufagio. Kila kitu kilikuwa huko mtandaoni: barua zako, picha zako, hesabu zako. Wewe ulibaki na kioo tu mkononi. Kikivunjika, unachukua kingine, unaweka jina lako, mambo yako yote yanarudi palepale. Na bei yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Bisibisi aliiuliza tena, akidhani amesikia vibaya.

Duka lilikuwa la watu wawili, yeye na shemeji yake, mume wa mdogo wake. Bisibisi alifanya kazi kwa mikono na shemeji kwa mdomo. Huyo shemeji mtaa ulimwita Redio, kwa sababu alikuwa hazimiki. Yeye ndiye aliyekaa mlangoni, akawavuta wapita njia, akawaeleza wanachohitaji kabla wenyewe hawajajua. Nyuma, kwenye taa ya meza, Bisibisi aliunga kompyuta kutoka kwenye vipande: bodi imetoka huku, diski imetoka kule, kava ameokota kwenye ofisi iliyohama. Nusu ya mashine za mtaa ule zilizaliwa mikononi mwake.

Alikuwa na desturi moja iliyojulikana na kila mteja. Akishafunga mashine, juu ya skrubu ya mwisho alidondosha tone la rangi ya kucha, nyekundu. Rangi ikikauka, hakuna anayeweza kuigeuza skrubu ile bila kuipasua, na mashine ikirudi na malalamiko, Bisibisi alijua kwa kutupa jicho moja tu kama mkono wa mtu mwingine umepita humo. Kwenye kucha zake mwenyewe rangi ile haikuwahi kufika.

"Shemeji," Redio alikuwa akimwambia mbele ya wateja, "hizi kompyuta zinajipamba kuliko wewe. Mtu atakuja kuposa, achukue kava."

Naye alimjibu kwamba harusi iliyomtia yeye hasara ni moja tu, ile iliyomleta Redio nyumbani kwao.

Lakini asubuhi ile mgeni alipoingia, utani ulikuwa umepungua dukani. Wateja walikuwa wanakuja kuuliza bei na kuondoka. Mdogo wake Bisibisi alikuwa na mimba kubwa, miguu imevimba, ameacha kazi yake ya kushona, na mwenye nyumba ya duka alikuwa ameshaanza kupita kila jioni kuuliza habari za familia kwa sauti isiyouliza habari za familia. Maji yalikuwa yamezidi unga, na wote watatu walijua, ila hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kulisema.

Kwa hiyo mgeni alipotaja masharti, Redio, ambaye alikuwa ameshafika na ameshakivuta kibao upande wake, aliyasikiliza kama mtu anayesomewa matokeo ya mtihani. Wangekuwa mawakala wa vibao kwa mtaa mzima. Kampuni iliyomtuma ingelipa kodi ya duka. Mteja akileta kompyuta yake kubwa, hata kama haiwaki, angepunguziwa bei ya kibao, na ile kubwa ingebandikwa stika na kuwekwa chumba cha nyuma mpaka lori lije kuichukua. Sharti la kwanza: wakala hatengenezi makubwa hayo tena. Sharti la pili: kubwa likishabandikwa stika halifunguliwi, halitolewi kitu, hata skrubu.

Bisibisi aliuliza sababu ya hilo la pili. Mgeni akasema ni utaratibu tu.

Siku kadhaa alikataa. Redio hakugombana naye. Alinyamaza, na kimya cha Redio kilikuwa kizito kuliko ugomvi. Mwishowe mdogo wake ndiye aliyekuja dukani, taratibu, amejishika kiuno, akakaa kwenye kiti cha wateja. Hakumbembeleza. Alisema tu kwamba mtoto anayekuja atamwita Bisibisi mama mkubwa, na angependa mama mkubwa huyo awe na duka. Bisibisi akajikaza kisabuni, akatia sahihi. Chuma cha kulehemu akakifunga kwenye kitambaa, akakiweka juu ya rafu ambako mkono haufiki bila kupanda kiti. Kichupa cha rangi alikiacha kwenye mfuko wa aproni, kwa kuwa hakikumzuia mtu.

Vibao viliuzika kama maji ya baridi kwenye jua. Watu walipanga mstari. Walikuja na makubwa yao wamebeba mabegani, kwenye mikokoteni, mengine kwenye shuka yamefungwa kama marehemu. Mwenye shule ya udereva alileta lake, ambalo Bisibisi aliliunga kwa wiki nzima na ambalo bado lilikuwa linawaka vizuri. Alilitua sakafuni, akalipiga makofi mawili ya mapenzi, halafu hakumtazama fundi usoni. Alisema watoto wamemsumbua. Alisema ni mambo ya kisasa tu, fundi, usinione mbaya. Bisibisi akambandikia stika, akamwambia hamwoni mbaya. Ofisi ya ushirika nayo ilinunua vibao vya wafanyakazi wake wote kwa mpigo, na siku hiyo Redio aliagiza soda kwa kila aliyekuwa dukani, hadi mwenye nyumba.

Usiku mmoja wa wiki ya kwanza Bisibisi alikichukua kibao kimoja kilichorudishwa na mteja, akakigeuza huku na huku kutafuta pa kuanzia. Hakikuwa na skrubu hata moja. Kilikuwa kimefungwa kwa gundi, kioo na mgongo, kama jicho lililoshonwa. Tangu hapo mteja akija kulalamika kwamba kibao kimegoma, alimpa jibu lilelile ambalo hata mlinzi wa mlangoni angeweza kulitoa: subiri mtandao urudi. Alilisema hata akaichukia sauti yake.

Kulikuwa na mteja mmoja ambaye hakuja na lake.

Huyo alikuwa mama mtu mzima, kipofu tangu utotoni. Wakati wa ujana wake alifanya kazi kwenye chumba cha simu, akiunganisha sauti za watu, na jina la kazi ile lilimganda: Mama Opereta. Mashine ilipowekwa badala yake na wenzake na chumba kufungwa, alitafuta riziki nyingine kwa masikio yaleyale. Ushirika na ofisi nyingine zilimletea kanda za mikutano, yeye akasikiliza na kuandika kila neno lililosemwa, hata vikohozi akiombwa. Kompyuta yake ilimsomea kwa sauti kila herufi aliyobonyeza, sauti ya kiume, ya bati, iliyotamka Kiswahili kama imebanwa koo, na kwa kasi ambayo hakuna mwingine aliyeambulia kitu. Yeye aliiita mzee wangu. Spika ikikwaruza alisema mzee wangu leo ana mafua.

Bisibisi ndiye aliyeiunga mashine ile na kuipeleka. Siku hiyo Mama Opereta hakuuliza bei wala dhamana. Alieleza tu kwamba siku waliyofungiwa chumba cha simu alirudi nyumbani, akakaa, na kilichomwumiza hakikuwa mshahara bali kimya cha jioni ile; alilala nacho mpaka asubuhi, na asingetaka kulala nacho tena. Bisibisi alikuwa anakusanya vifaa vyake. Alisema bila hata kugeuka, kama fundi anavyomwambia mteja:

"Ikinyamaza niite, mama. Hutalala na kimya."

Lilikuwa neno dogo. Lakini miaka yote hiyo alilitimiza. Mvua inyeshe, mwenyewe anaumwa, akiitwa alikwenda, na jua lilipozama mzee yule wa bati alikuwa anasema.

Vibao vilipokuja, Redio alimpelekea kimoja ajaribu, kwa nia njema kabisa, maana aliona aibu kumwacha nyuma. Mama Opereta alikipapasa kwa viganja vyote viwili, juu, chini, pembeni. Kibodi yake ya zamani ilikuwa na vipele viwili vidogo vya kuonyesha vidole pa kukaa. Hapa hapakuwa na kipele.

"Mwanangu," alimwambia Redio, "umeniletea kioo cha dirisha. Sasa nibishe hodi au niangalie nje?"

Redio alicheka, akakirudisha. Kibao chenyewe kilikuwa na sauti, ila ya lugha ya kigeni, na mtandao ukikatika nayo ilikatika.

Basi siku moja asubuhi simu ya Bisibisi ikalia. Mama Opereta aliomba radhi kwa kumsumbua. Alikuwa amesikia kwamba dukani siku hizi hawatengenezi. Ila mzee wake amenyamaza tangu alfajiri, na harufu ya moto imetoka. Alikuwa na kanda ya ushirika mezani, hajafika nusu. Nyuma ya sauti yake Bisibisi alisikia jinsi chumba kile kilivyokuwa kimya.

Alikwenda. Redio alikuwa amempeleka mkewe kliniki, kwa hiyo Bisibisi alishusha shata na kuondoka bila kumweleza mtu. Alipofika kwa Mama Opereta akaipasua rangi yake mwenyewe kwenye skrubu, akafungua kava, na hakuhitaji kutazama mara mbili. Kapasita, vile vikopo vidogo vya umeme juu ya bodi, zimevimba vichwa kama mahindi yanayotaka kupasuka, moja imemwaga uji wa kahawia, na chini yake bodi imeungua hadi tabaka za ndani. Pale hapakuwa na cha kulehemu. Ilihitajika bodi nzima, ya aina ile ile, maana programu iliyompa Mama Opereta sauti ilikuwa ya zamani na haikukubali kukaa kwenye kitu kingine.

Akampigia fundi wa mtaa wa pili. Huyo sasa anauza viatu. Akampigia wa sokoni. Huyo naye ni wakala wa vibao, na alisema kwa kicheko kisicho na raha kwamba hata lundo la vyuma chakavu limeshanunuliwa na kampuni, limepakiwa lote. Akampigia wa tatu, hakupokea. Bisibisi akakaa kitandani kwa Mama Opereta, simu mkononi, na hapo ndipo alipoikumbuka mashine ya shule ya udereva. Hiyo na ya Mama Opereta aliziunga wakati mmoja, bodi zake zilitoka kwenye boksi moja. Zilikuwa mapacha. Na ile nyingine ilikuwa chumba cha nyuma cha duka lake, nzima, inawaka, ina stika ubavuni.

Alimwambia Mama Opereta kwamba atarudi kabla jua halijazama. Mama Opereta akasema, "Najua."

Chumba cha nyuma kilijaa makubwa mpaka darini. Bisibisi aliisogeza mashine ya shule ya udereva karibu na taa, akajiambia afanye haraka, akafanya haraka. Skrubu zikatoka. Bodi ikatoka, safi, inanukia vumbi la moto kama mashine zote nzuri. Akaifunga kwenye kanga, akaitia kwenye mkoba. Akarudisha kava, akakaza skrubu moja baada ya nyingine, na mawazo yake yote yalikuwa yameshafika chumbani kwa Mama Opereta, yanachomeka nyaya. Akaisukuma mashine mahali pake. Wala hakuona mkono wake ulichofanya hapo katikati.

Lori lilifika siku ile bila taarifa. Alipotoka chumba cha nyuma mgeni wa viatu vyeusi alikuwa ameshapandisha shata mwenyewe, amesimama palepale aliposimama siku ya kwanza. Siku hizi hakuwa mgeni tena. Mtaa ulimwita Bwana Kibao na alizoea. Akamsalimia Bisibisi, akautazama mkoba uliokuwa begani, hakuuliza. Vijana wa lori wakaanza kubeba. Yeye alisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma akilitazama kila kubwa linavyopita, stika, kava, mgongo, stika, kava, mgongo.

Ya shule ya udereva ilipopita, aliwasimamisha. Akaiinamia. Akaweka kidole gumba juu ya skrubu ya mwisho, na alipokiinua kilikuwa chekundu.

Hapo ndipo Bisibisi alipoliona tone lake. Lilikuwa bichi, linang'aa kwenye chuma kilichofubaa kama tone la damu. Mikono iliyofunga mashine kwa miaka yote ile ilifunga na hii kama ilivyozoea. Angeacha skrubu tupu, hakuna ambaye angejua. Mwenye mashine ndiye angesingiziwa. Yeye aliitia sahihi.

Bwana Kibao aliwaambia vijana waendelee na nyingine. Akakifuta kidole kwa karatasi, taratibu sana.

"Mimi nilikuwa natumia ya kijani," alisema.

Bisibisi hakuelewa kwanza. Ndipo yule mtu akaeleza, macho kwenye karatasi. Alikuwa na duka kama hili, mtaa kama huu, meza yenye makovu kama haya. Aliendelea na ufundi mpaka alipobaki peke yake na rafu. Kampuni ilimchukua kwa sababu anajua mafundi wanavyofikiri, wanavyoficha na wanapoficha. Sasa ndiyo kazi yake. Alisema bila kujisifu na bila kujuta, kama mtu anayetaja ugonjwa alionao.

Bisibisi alimuuliza bodi moja kuukuu inaipunguzia nini kampuni kubwa namna ile.

"Hawana shida na haya machuma, fundi," akasema. "Wanataka tu yasirudi barabarani. Kila moja unalofufua ni kibao kimoja hakijanunuliwa." Akatupa karatasi kwenye pipa. "Lori halijajaa. Irudishe bodi humo kabla hatujafunga mlango, mimi sikuona kitu. Lori likiondoka bila hiyo bodi, naondoka na vibao vyote na uwakala. Nami nina wanaonitazama kidole."

Redio alirudi katikati ya maneno hayo, amemshika mkewe mkono. Hakuhitaji kuelezwa sana; aliuona mkoba, akaiona mashine imetengwa, akamwona Bwana Kibao alivyosimama. Alimkalisha mkewe kwenye kiti cha wateja. Alikwenda mlangoni, akarudi.

"Shemeji, rudisha," alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. "Yule mama ni mtu mzima. Ukimweleza atakuelewa."

"Ataelewa," Bisibisi akakubali.

"Sasa?"

Redio akasema wewe una mikono, ukitoka hapa utapata pa kuishikiza. Mimi nina mdomo tu, nitakwenda kuuza nini, nani ananunua maneno. Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ingekuwa nafuu. Alisema pia kwamba mtoto anakuja mwezi huu, lakini hilo alilisema akitazama ukutani.

Mdogo wake ndiye aliyeuliza. "Dada, ulimwahidi nini hasa?"

"Kwamba hatalala na kimya."

"Leo tu?"

"Siku yoyote kitakapomkuta."

Mdogo wake akatikisa kichwa, si kukataa wala kukubali. Akainama kwa shida, akavua viatu, akaiweka miguu yake iliyovimba juu ya sakafu ya baridi, akafumba macho. Bisibisi alisubiri aseme nenda, au aseme baki. Hakusema lolote, na Bisibisi akajua kwamba hatalisema kamwe, si leo wala miaka ijayo, na kwamba kuanzia leo kila watakapokaa kula pamoja neno hilo lisilosemwa litakaa nao mezani.

Nje, vijana wa lori walikuwa wamebakiza safu ya mwisho. Bwana Kibao alitazama saa, si kwa kumharakisha. Alionekana kama mtu ambaye angependa mwenzake achukue muda zaidi. Bisibisi aliuhamisha mkoba kutoka bega moja kwenda jingine. Alifikiri kwamba angemkuta Mama Opereta amekaa wima kwenye kiti chake, mikono juu ya kibodi iliyokufa, anasikiliza barabara. Alifikiri kwamba asingelaumiwa, na hilo ndilo lililomshinda.

Akapanda kiti, akashusha kutoka juu ya rafu chuma chake cha kulehemu kikiwa ndani ya kitambaa, akakitia mkobani pamoja na bodi. Akapita katikati yao. Redio alimpa kisogo. Alipofika barabarani alisikia nyuma yake Bwana Kibao akiwaambia vijana, kwa sauti isiyo na moyo, washushe na vibao kutoka kwenye rafu.

Chumba cha Mama Opereta hakikuwa na taa iliyowashwa, kwa kuwa mwenyewe hakuihitaji, na Bisibisi aliburuta meza mpaka dirishani kuufuata mwanga. Mama Opereta alikuwa amekaa vilevile alivyomfikiria.

"Leo unatembea kama umebeba gunia," alisema.

"Ni mkoba tu, mama."

"Na Redio hajambo? Na mdogo wako?"

"Hawajambo. Mtoto yuko karibu."

Mama Opereta alifurahi, akauliza wametafuta jina gani, akapendekeza mawili, akayakataa mwenyewe. Bisibisi alifanya kazi. Alitoa bodi iliyoungua, akaweka pacha wake, akachomeka waya baada ya waya kwa mpangilio ambao vidole viliujua bila yeye. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya mapaa ya jirani, na mwanga ulipopungua Mama Opereta, ambaye hakuuona, ndiye aliyesema jioni imefika, maana ndege wa pale kwenye waya wa umeme wamebadilisha kelele zao.

Halafu akasema jambo jingine, akinyoosha kitambaa cha meza. Kanda ile ya ushirika ndiyo ya mwisho. Walimpigia mchana kumweleza, kwa heshima sana, hana neno nao. Wamenunua vibao, mtu anaongea, kibao chenyewe kinaandika. Hawatahitaji tena mtu wa kusikiliza.

"Nafikiri mliwauzia ninyi," alisema.

Bisibisi aliacha bisibisi hewani. Alikumbuka soda za siku ile, na Redio akigawa, na yeye mwenyewe akinywa.

"Ndiyo, mama. Sisi."

Mama Opereta alimaliza kunyoosha kitambaa. Kisha akasema kwamba hata wale waliofunga chumba cha simu walikuwa watu wazuri, mmoja alimnunulia saa ya ukutani, ipo pale, inaenda. Na kwamba, kama mashine itawaka, angependa kuimaliza kanda yenyewe vizuri, kwa sababu katikati kuna mzee mmoja anaongea kwa sauti ndogo sana na ana hakika kibao hakitamsikia.

Bisibisi alibonyeza. Feni ikaguna, ikazunguka. Kwa muda hakukuwa na kitu. Ndipo spika ikakwaruza, na yule mzee wa bati akaanza kusema, mbio mbio, kwa kasi isiyoambulika, koo limembana vilevile.

Mama Opereta alicheka. Akaisogelea kibodi, vidole vikavitafuta vile vipele viwili, vikavipata, akaanza kuandika. Nje taa za barabarani zilikuwa zinawaka moja moja. Mtu wa kumsubiri Bisibisi dukani hakuwepo tena, wala duka lenyewe; hata nyumbani hakujua atapokelewa vipi. Akarudisha kava. Akakaza skrubu moja baada ya nyingine. Akatoa kichupa kwenye mfuko wa aproni, akadondosha tone kwenye ile ya mwisho, akakaa pembeni ya mashine iliyokuwa inasema, akasubiri rangi ikauke.